Baiskeli za umeme: sisi warefu mmetusahau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyotoa kuhusu baiskeli za umeme zinazoingia nchini. Makala ilikuwa nzuri, na jedwali lake la bei nimelikata nikalibandika ofisini kwa walimu. Lakini jedwali lile lilikuwa na safu tatu tu: bei, kilomita kwa chaji moja na spidi. Hakuna hata baiskeli moja iliyoandikwa saizi ya fremu. Kwa mtu wa futi tano na nusu hilo halimnyimi usingizi. Mimi nina mita 1.94 na kilo 98, na safu hiyo iliyokosekana ndiyo inayoamua kama milioni tatu zangu zitanunua usafiri au zitanunua maumivu ya magoti.

Niseme kwanza natokea wapi, maana kwenye baiskeli mahali ni nusu ya hesabu. Mimi ni mtu wa Shinyanga, ambako baiskeli ya kubeba abiria ndiyo daladala, na nimekulia kwenye kerea ya Phoenix ya baba. Kazi ya ualimu wa fizikia imenileta Iringa. Naishi Ipogolo, shule iko upande wa Kihesa. Anayeijua Iringa ameshaanza kucheka: Ipogolo iko chini bondeni, karibu na Ruaha Mdogo, inakopita barabara kuu ya kwenda Mbeya, na mji umekaa juu mlimani. Asubuhi ni kupanda tu. Bodaboda kila siku inakula mshahara, na kwenye daladala nasimama nimekunja shingo hadi Miyomboni. Ndiyo maana nikaanza kutafuta baiskeli ya umeme ya bei ya kati, isiwe ile ya milioni moja inayokufa kabla ya mwaka wala ile ya milioni kumi ya kutazama kwenye simu.

Likizo ya Desemba nilikuwa Dar, nikazunguka Kariakoo. Duka nililoingia silitaji. Kijana alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akacheka kidogo, akasema, “Kaka, siti inapanda hiyo, usiogope.” Akalegeza bana, akakivuta chuma cha siti mpaka ule mstari wa mwisho uliochongwa ukatokea nje, akakaza. “Panda.” Nikapanda. Magoti yakaja usawa wa mbavu kama panzi. Nikamuuliza fremu hii ni inchi ngapi. Akasema, “Hii ni saizi ya watu wote, kaka. Utazoea.”

Mstari ule haukuwekwa kwa mapambo. Unaonyesha urefu wa chuma unaotakiwa kubaki ndani ya fremu. Ukionekana nje, uzito wote wa mpandaji unaning'inia kwenye mdomo wa bomba la fremu, na fremu nyingi za siku hizi ni za alumini. Chuma cha zamani kinapinda kwanza ukakiona. Alumini inapasuka.

Niliporudi Iringa nilikwenda kwa fundi wangu wa Mlandege, tukapima kwa utaratibu, na utaratibu huu nauandika hapa kwa faida ya kila mrefu. Vua viatu, egemea ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya miguu (mimi nilitumia daftari la mahudhurio la kidato cha pili) ukivute juu mpaka kibane kama unavyobanwa na siti. Mwenzako aweke alama ukutani mgongo wa kitabu ulipofikia. Kutoka sakafuni hadi alama yangu ni sentimita 92. Zidisha kwa 0.883, hesabu iliyosambazwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Unapata urefu wa kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli (ile inayopita chini ya fremu, mikono ya pedeli inapofungwa) hadi juu ya siti. Kwangu ni sentimita 81.

Sasa turudi kwenye baiskeli ya Kariakoo, maana futi nilikuwa nayo mfukoni na niliipima kijana akiendelea kunishawishi. Fremu yake ni inchi 17, yaani sentimita 43 kutoka ekseli hadi mdomo wa bomba la siti. Chuma cha siti kina sentimita 30, na kumi lazima zibaki ndani, kwa hiyo kinachotoka ni 20. Siti yenyewe pamoja na bana yake ni kama 6. Jumla 69. Napungukiwa sentimita 12.

Wengi watasema nunua chuma kirefu. Kipo cha sentimita 40. Kitanifikisha 79, bado mbili, huku sentimita 30 za chuma zikiwa nje na kilo 98 juu yake, barabara ikiwa na mashimo. Na kuna jambo ambalo mimi mwenyewe, pamoja na fizikia yangu, sikulifikiria mpaka fundi aliponionyesha. Bomba la siti limelala kwa nyuma. Kila siti inavyopanda ndivyo inavyorudi nyuma, na mrefu anajikuta amekaa juu kabisa ya gurudumu la nyuma. Pale kwake palikuwa na baiskeli ya umeme ya mteja, mota ikiwa kwenye gurudumu la nyuma na betri juu ya kerea. Akapandisha siti yake, akanikalisha, akaegemeza gurudumu la mbele kwenye tuta la mtaro. Halafu akaushika usukani kwa vidole viwili tu na kuunyanyua. Gurudumu la mbele likaelea. “Mwalimu,” akasema, “hii ukipanda nayo kilima cha Ipogolo utaona mawingu.”

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni betri iwe ndani au juu ya bomba la chini la fremu, katikati ya baiskeli, na fremu iwe angalau inchi 20 au 21. Fremu ya inchi 21 ni sentimita 53. Ongeza 25 za chuma cha kawaida cha sentimita 35, ongeza 6 za siti, unapata 84. Hapo nina nafasi na mstari umebaki ndani. Saizi hizi si ndoto. Uholanzi, nchi yenye watu warefu kuliko zote duniani, fremu za sentimita 61 na 65 zinauzwa madukani kama kawaida. Kwetu waagizaji wanaleta saizi ya kati peke yake kwa sababu ndiyo inayotoka haraka. Mfanyabiashara simlaumu kwa hilo. Ninachotaka ni aandike saizi hiyo kwenye lebo, mrefu ajue kabla ya kutoa nauli ya kwenda Kariakoo.

Nitakaa kidogo kwenye mota, maana hapa wauzaji wanatuchanganya zaidi kwa kutaja wati. Mota za bei ya kati nyingi zimo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwa viwango vya Ulaya, EN 15194, mota ni wati 250 za kufanya kazi mfululizo, na msaada wa mota unakatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Wati 250 si haba. Mimi, baiskeli ya kilo 26 na mkoba wenye madaftari ni kilo 130 hivi. Kwenye mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100, kuusukuma mzigo huo kwa spidi ya kilomita 12 kwa saa kunahitaji wati karibu 340 kwa ajili ya mlima peke yake. Mota inatoa 250, miguu yangu inatoa 100 bila kutokwa jasho la aibu mbele ya wanafunzi. Ukiongeza msuguano wa barabara spidi itashuka kidogo, lakini inatosha.

Kisichosemwa ni kwamba spidi ikishuka, mota ya kitovu inateseka. Haina gia za kubadilisha. Inazunguka sambamba na gurudumu, na ikizunguka polepole chini ya mzigo mkubwa, umeme mwingi unageuka joto. Ndani ya nyingi za aina hii kuna gia ndogo za nailoni, na joto si rafiki wa nailoni. Halafu kuna ukubwa wa gurudumu. Mota yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 45 ikiwa kwenye gurudumu dogo la inchi 20 inatoa msukumo wa karibu kilo 18 barabarani. Mota hiyohiyo kwenye gurudumu la inchi 28 au 29 inatoa kama kilo 13. Mlima wangu wa asilimia 8 unadai karibu kilo 12, msuguano wa barabara ukiwemo. Sisi warefu tunapewa magurudumu makubwa kwa sababu ndiyo yanayokwenda na fremu kubwa, halafu tunalipia kwenye mlima. Na hizo 45 ni za kilele, mota ikiwa haijapata moto. Kwa hiyo mrefu wa Dar, Tanga au kwetu Shinyanga anaweza kuchukua mota ya kitovu ya kawaida na kulala salama. Mrefu wa Iringa, Mbeya au Lushoto atafute inayofika nyutoni-mita 60, au ile mota inayokaa kwenye ekseli ya pedeli, ambayo nguvu yake inapita kwenye cheni na gia. Hiyo ya pili ndiyo bora mlimani, ila inakula cheni na bei yake ilinipita.

Ulizeni pia kama mota inahisi nguvu ya mguu au inahisi tu kwamba pedeli inazunguka. Ile inayohisi mzunguko tu inakusukuma ghafla, na mtu mrefu aliyekaa juu ya gurudumu la nyuma anausikia msukumo huo mpaka shingoni.

Uzito. Vibao vingi vinasema “uzito mwisho kilo 120”. Muuzaji atakwambia wewe una 98, tatizo liko wapi? Soma vizuri: mara nyingi hiyo ni jumla ya baiskeli, mpandaji na mzigo. Toa kilo 26 za baiskeli, mpandaji anabaki na 94. Mimi nimeshazidi kabla sijaweka daftari hata moja kwenye kerea. Tafuta iliyoandikwa 150. Na usiishie kwenye kibao, geuza baiskeli uhesabu spoku za nyuma. Nataka 36, na ziwe nene, namba 12, siyo namba 14 za baiskeli ya kawaida. Kwa wasiojua, kwenye spoku namba ikiwa ndogo waya ni mnene. Gurudumu lenye mota linabeba mzigo kwa namna mbili: linabebeshwa mwili na hapohapo linavutwa na mota. Spoku moja ikikatika zinazofuata hazikawii.

Kwenye breki mimi na fundi tulibishana mpaka mteja wake mmoja akaondoka. Yeye anataka breki za diski za waya kwa sababu waya unapatikana kila kona na hata mtoto anaukaza. Mimi nataka za mafuta. Hoja yangu ni jioni, siyo asubuhi: kilo 130 zinazoteremka kutoka mjini hadi Ipogolo, nyuma ya lori la mbao, barabara ikiwa imelowa. Vidole vinachoka kuubana waya. Mwisho tulikubaliana kwa shingo upande: za mafuta, diski za milimita 180 mbele na nyuma, ninunue na chupa ya mafuta yake kabisa nimwachie, na nisimpigie simu usiku.

Betri naipitia haraka, maana makala yenu ilieleza vizuri. Ila ile namba ya “kilomita 100 kwa chaji moja” ni ya mtu mwepesi, kwenye tambarare, msaada ukiwa kwenye namba moja. Njia ya kujua ukweli ni kuzidisha volti kwa ampea-saa. Volti 36 mara 13 ni wati-saa 468. Mtu mwepesi anayepiga pedeli kweli anaweza kutumia 10 kwa kilomita. Mimi kwa urefu huu, nikiukinga upepo kwa kifua kizima na mlima juu yake, nahesabu 20. Basi nina kilomita 23. Kila mita 100 za kupanda wima peke yake zinameza wati-saa 35 za kazi halisi, na kwa kuwa mota inapoteza kiasi, kutoka kwenye betri ni kama 47. Pamoja na hayo kujaza betri hiyo ni kama nusu uniti ya LUKU na kidogo, karibu shilingi mia mbili, ambayo haifikii nauli ya kwenda tu. Hapo sina ugomvi na mtu.

Nina ugomvi na betri za kufufuliwa, zile zilizofungwa upya kwa seli za zamani. Tunachaji ndani, watoto wamelala chumba cha pili. Jiji la New York mwaka 2023 lilizuia kuuza baiskeli za umeme ambazo hazijathibitishwa kwa viwango vya usalama vya UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa, baada ya mioto iliyoua watu. Kama muuzaji hawezi kuonyesha alama yoyote ya upimaji kwenye betri na kwenye chaja yake, mimi naondoka hata kama fremu ni ya inchi 23.

Wapo walionishauri nichukue mtumba wa Ulaya, kwa sababu huko ndiko kuna fremu za warefu. Nilikaribia. Tatizo ni kwamba mifumo mingi ya Ulaya inakubali betri ya kampuni yake tu. Betri ikizeeka, na ya mtumba imeshaanza kuzeeka, unabaki na baiskeli ya kilo 25 inayotaka miguu mitupu. Wengine wakasema chukua Phoenix kubwa ya zamani, funga mota. Moyo wangu uliruka, sikatai. Fremu ile ndefu ya magurudumu ya inchi 28 ndiyo baiskeli pekee niliyowahi kuikalia nikanyoosha mguu sawasawa. Fundi ndiye aliyekataa. Alizigonga kwa spana zile breki zake za vyuma vinavyobana rimu ya chuma na kuniuliza zitasimamisha nini kwenye mvua pale penye kona. Shinyanga ningeifunga.

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, dada mwenye mita 1.82, ameniomba nimwulizie za sketi. Fremu ya kike, ile iliyoinama katikati, ni rahisi kupanda na kushuka, hata kwa mwanamume mwenye goti baya. Ila haina bomba la juu, na ukiweka chuma kirefu cha siti inayumba ikiwa na mzigo. Atafute iliyoongezewa bomba la pili chini, na apime kwanza kutoka ekseli ya pedeli hadi mdomo wa bomba la siti, maana nyingi zinaishia inchi 18. Usukani nao mrefu asiusahau. Shina lake liwe la kupandishwa, vinginevyo mgongo utalipia kilichookolewa kwenye magoti.

Mimi nimeagiza ya fremu inchi 21, gurudumu 29, volti 48 kwa ampea-saa 13, mota ya kitovu ya nyutoni-mita 60 inayohisi mguu, jumla ya uzito kilo 150. Milioni tatu na laki mbili. Kwenye karatasi ya malipo nimemwandikisha muuzaji kwa mkono wake kwamba salio nitatoa baada ya kupima kwa futi yangu, sentimita 53 zikiwa 53. Alinuna kidogo, akaandika.

Ombi langu kwako, Mhariri, mkirudia jedwali lile ongezeni safu nne: urefu wa bomba la siti kwa sentimita, siti inafika juu kiasi gani kutoka ekseli mstari ukiwa ndani, jumla ya uzito inayoruhusiwa, na wati-saa za betri. Waagizaji wanazo namba hizi, zimo kwenye karatasi za kiwandani. Na kama yupo msomaji wa Mbeya, Njombe au Lushoto, mwenye mwili kama wangu, ambaye mota yake ya kitovu imeshapita mwaka milimani, namwomba aandike hapahapa: zile gia za nailoni zilidumu muda gani, na za kubadilisha alizipata wapi?

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Ipogolo, Iringa.